Kalenda Elfu Moja: Jinsi ya Kuanza Biashara Ndogo ya Vitu vya Picha

(Hotuba ya Halmashauri ya Biashara, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



 Tuliombwa tueleze jinsi mtu mwenye mtaji mdogo awezavyo kuanza biashara ya vitu vya picha, yaani kadi, kalenda, madaftari, bahasha, vitambaa vya meza na vya viti, na masinia yaliyopakwa rangi. Hapana shaka wengi wenu mlitazamia kusikia habari za faida. Habari hizo zipo, nasi tutazisema. Lakini haitakuwa uungwana kuanza na faida, hali kila aliyemo ukumbini humu ajua yaliyotupata mwezi wa Februari wa mwaka huu tunaoufunga. Kwa hiyo tutaanza na hasara, maana hasara ndiyo iliyotufundisha kazi.

JINSI TULIVYOANZA

Mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia tulikutana watu wanne, sote makarani, tukashauriana juu ya kijana mmoja, mwana wa mwanachama mwenzetu, ambaye Mungu amemjalia mkono wa kuchora. Alikuwa amechora mashua zikirudi Bandari ya Kale, soko la Kongowea asubuhi, ng'ombe wakinyweshwa mtoni huko bara, na akina mama wakipalilia mahindi. Kila aliyeziona picha hizo alizisifu. Nasi tukakata shauri ya kwamba kitu kinachosifiwa hununuliwa. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Mtu husifu bure, lakini hununua kwa fedha.

Tulikwenda kwa mpiga chapa, naye akatueleza mambo kwa haki kabisa. Hatuna la kumlaumu. Alituambia ya kwamba mashine yake kubwa hupiga picha ya rangi kwa mabamba manne: moja la samawati, moja la wekundu, moja la manjano, na moja la weusi. Gharama ya kutengeneza mabamba hayo na kuitayarisha mashine ni ile ile, ukipiga kalenda 200 au ukipiga 1,000. Kwa ajili hiyo kalenda 200 zingekuwa Sh. 150 kila moja, jumla Sh. 30,000, lakini tukichukua 1,000, kila moja ingekuwa Sh. 75 tu, jumla Sh. 75,000.

Basi sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kujumlisha na kutoa, tulitwaa kalamu tukapiga hesabu. Tukiuza kila kalenda kwa Sh. 200, zile 200 zingetupa faida ya Sh. 50 kila moja. Zile 1,000 zingetupa faida ya Sh. 125 kila moja, jumla Sh. 125,000. Tuliiona faida hiyo yote kwenye karatasi kabla hatujauza hata kalenda moja, tukaona kuchukua 200 ni upumbavu.

Fedha hizo hatukuwa nazo. Katika Mfuko wa Maafa wa Chama mlikuwa na Sh. 90,000. Tulikuja mbele yenu tukaomba Sh. 75,000, tukaahidi kuzirudisha kabla ya mwisho wa Februari. Nanyi mkatuamini, mkatoa.

Picha zetu zilichelewa, maana kila tulipokutana mmoja wetu alitaka jambo moja libadilishwe. Zilifika kwa mpiga chapa katikati ya Desemba, akafunga kwa Sikukuu ya Krismasi, na kalenda zetu zikatufikia tarehe 11 Januari. Kufika siku hiyo, maduka, mabenki na makanisa yalikuwa yamekwisha kuwagawia watu kalenda bure. Katika nyumba ya mmoja wetu zilikuwa zimetundikwa tatu. Tulikuwa tumechagua kuuza kitu ambacho wengine hukitoa zawadi, tena tumekileta baada ya zawadi kugawanywa.

Kalenda ni bidhaa inayooza kama samaki, ijapokuwa hainuki. Kila siku ipitayo, thamani yake hupungua kwa siku moja. Ilipofika tarehe 9 Februari tulikuwa tumeuza 100, na fedha zake, Sh. 20,000, tulikuwa tumezirudisha Mfukoni.

Siku hiyo ya tarehe 9 mwenzetu alifariki dunia.

Kanuni zetu zasema ya kwamba mwanachama akifa, wafiwa hupewa Sh. 60,000 za kumsafirisha marehemu hata nyumbani kwao bara. Michango ya robo ya kwanza ya mwaka ilikuwa haijaingia. Mfukoni mlikuwa na Sh. 15,000 zilizosalia, pamoja na zile Sh. 20,000 tulizorudisha, jumla Sh. 35,000. Zilipungua Sh. 25,000. Ninyi mliokwisha kutoa mara moja mlitoa mara ya pili usiku ule, na wengine wenu tunajua mlitoa nauli zenu za juma zima. Gari liliondoka siku moja baada ya ile iliyopangwa, na jamaa waliokuwa wakingoja huko nyumbani walikesha usiku mmoja zaidi.

Mama mfiwa hakutulaumu. Tulipokwenda kumpa pole alitushukuru, kisha akatuuliza, "Na zile kalenda, baba zangu, zimeuzika?" Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu.

MTEGO WA BEI RAHISI

Baada ya matanga tulikaa tukaitazama hesabu upya. Hata mwisho tuliuza kalenda 230, na nyingine zilinunuliwa kwa kutuonea huruma tu. Tulipata Sh. 46,000. Hasara ikawa Sh. 29,000, na kalenda 770 zikabaki katika masanduku chini ya meza ya ofisi.

Tafadhalini zitazameni hesabu hizi, kwa sababu somo letu lote limo ndani yake. Tulidhani kila kalenda imetugharimu Sh. 75. Si kweli. Tulilipa Sh. 75,000 tukauza 230. Kwa hiyo kila kalenda tuliyoiuza kwa Sh. 200 ilitugharimu kama Sh. 326. Na kama tungalichukua zile 200 tulizoziita ghali, tungalilipa Sh. 30,000, tungaliuza zote kwa Sh. 40,000, na tungalipata faida ya Sh. 10,000. Zile za bei ghali zingalitupa shilingi elfu kumi. Zile za bei rahisi zilitunyang'anya elfu ishirini na tisa.

Huu ndio mtego unaomngoja kila mtu aanzaye biashara ya vitu vya kupigwa chapa. Bei ya kila kimoja hushuka kadiri idadi inavyopanda, na jicho la mnunuzi mgeni hutazama bei, halitazami idadi. Ghali halisi ni kitu ambacho hakiuziki, hata kama kilinunuliwa kwa senti tano.

Wala si sisi tu tulio na haja ya kujua jambo hili. Huko Uingereza palikuwa na mwanamke mmoja, Beatrix Potter, aliyezaliwa London mwaka 1866. Mwaka 1890 aliuza michoro yake ya sungura ipigwe chapa katika kadi za sikukuu. Baadaye alitunga hadithi ya sungura aitwaye Peter, na wenye viwanda vya vitabu wakaikataa. Hakukopa fedha akapiga chapa vitabu elfu. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 alitoa fedha zake mwenyewe akapiga chapa nakala 250 tu, akawapa jamaa na rafiki na kuwauzia wengine. Zilipokwisha, akapiga nyingine 200 mwezi wa Februari 1902. Ndipo wenye kiwanda walipokitoa katika rangi mwezi wa Oktoba mwaka huo. Mwaka 1903 alimshona sungura wa kitambaa kwa mkono wake, akamwandikisha serikalini kabla ya kumuuza. Kisha zikafuata karatasi za kubandika ukutani na vyombo vya chai vyenye picha hiyo hiyo. Kwa hiyo biashara ile, ambayo sasa yajulikana duniani pote, ilianza kwa nakala 250.

JINSI KALENDA ZILIVYOGEUKA MADAFTARI

Mwezi wa Machi alikuja ofisini mama mmoja mwanachama wetu, ambaye huuza samaki. Aliyaona masanduku, akachomoa kalenda moja, akaishika karatasi yake, akasema, "Karatasi ngumu namna hii mwailaza bure? Mimi sina hata pa kuandikia madeni ya watu." Kwa neno lake hilo biashara yetu ilianza mara ya pili, na safari hii ilianza kwa haja ya mnunuzi.

Kalenda yetu ilikuwa ya karatasi moja kubwa ya A3, picha juu na miezi chini. Tuliikata katikati, tukatupa miezi, tukabaki na picha ya kipimo cha A4. Picha hiyo ikikunjwa mara moja huwa jalada la daftari dogo la A5. Ndani tuliweka karatasi 10 za A4, nazo zikikunjwa hutoa kurasa 40. Rimu moja ina karatasi 500. Basi rimu moja hutoa madaftari 50. Yafaa kukumbuka ya kwamba kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kwa hiyo idadi ya kurasa katika daftari la namna hii hapana budi igawanyike kwa nne, wala mpiga chapa hawezi kukupa kurasa 42 hata ukimsihi.

Tulinunua rimu moja tu kwa Sh. 650. Hatukukopa; tulichanga sisi wenyewe. Karatasi ya daftari moja ikawa Sh. 13, pini na kazi ya kukata Sh. 3, na malipo ya mchoraji Sh. 4. Jumla Sh. 20. Tuliuza kila moja kwa Sh. 60. Madaftari 50 ya kwanza yalikwisha kwa siku tisa, ndipo tukanunua rimu mbili. Hatukununua rimu ya pili kabla fedha za ile ya kwanza hazijarudi mkononi, na kanuni hiyo hatujaivunja hata leo.

Ndipo yule mama alipotufundisha jambo jingine. Alirudi akasema, "Picha ni nzuri, lakini haisemi neno. Hata leso ina jina lake." Sisi tukaaji wa Mombasa twapita kila siku mbele ya maduka ya leso, na jambo hili hatukuwa tumelifikiri. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Na mara nyingi mama hununua jina kabla hajatazama rangi. Yasimuliwa ya kwamba leso za zamani zilikuwa vitambaa vya mkononi, na neno lenyewe latokana na Kireno. Akina mama wa pwani walivinunua kabla havijakatwa, wakaviunga vikawa nguo moja pana. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaleta nguo iliyopigwa chapa nzima. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tuzitumiazo sasa. Hapa Mombasa duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambalo chapa yake ni "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka 1887, na chapa hiyo ingali yatafutwa na akina mama. Basi katika biashara hiyo yote, mnunuzi ndiye aliyeongoza, na mwenye duka akamfuata.

Tulimwuliza yule mama angependa neno gani. Hakufikiri sana, alisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Tulitazamana, maana neno hilo lilituhusu sisi kuliko lilivyomhusu yeye. Tulichonga muhuri wa mpira wenye maneno hayo, tukaugonga katika kila jalada chini ya picha. Tangu siku hiyo madaftari yakaenda kwa wauza mboga, kwa wenye vibanda, kwa kwaya za makanisa, na kwa vyama vya akina mama vya kuweka akiba.

Kila daftari lilileta faida ya Sh. 40. Tuliuza 725, na Sh. 40 mara 725 ni Sh. 29,000. Shilingi ya mwisho ya Mfuko wa Maafa tuliirudisha tarehe 31 Oktoba, na stakabadhi yake anayo Mweka Hazina. Kalenda 45 zilizobaki ziliharibika, nyingine kwa kisu tulipokuwa tukijifunza kukata, nyingine kwa maji ya mvua.

HAKI YA MCHORAJI

Mmesikia tumesema malipo ya mchoraji ni Sh. 4 kwa kila daftari. Hatuna budi kukiri ya kwamba katika kalenda tulimwahidi kijana yule sehemu ya faida, na kwa kuwa faida haikuwapo, hakupata chochote. Sisi tulipoteza fedha. Yeye alipoteza miezi miwili ya kazi yake, wala hakuwa na kura katika kuamua idadi ya kupiga chapa. Hilo halikuwa haki. Sasa tumeandikiana naye karatasi inayosema ni picha zipi, zitumike kwa vitu gani, kwa muda gani, na alipwe lini. Kwa madaftari 725 amepokea Sh. 2,900. Si fedha nyingi, lakini hulipwa kwa kitu kilichouzwa, wala hangoji faida yetu.

Wengine wetu walitoa shauri tuchukue picha nzuri katika intaneti, tuache gharama za mchoraji. Tulikataa, na twawaomba nanyi mkatae. Picha aliyoichora mtu ni mali yake kama vile ng'ombe aliyemfuga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote, na tena miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliokufa. Na mwenye kazi naye asilale. Kitabu kile cha sungura Peter hakikuandikishwa Marekani kwa hakimiliki, na watu wa huko wakakipiga chapa wapendavyo bila kumlipa mwenyewe.

VITAMBAA NA MASINIA

Wanachama wengi wameuliza juu ya vitu vya nyumbani. Katika nyumba zetu, sebule haihesabiwi kuwa imepambwa mpaka viti na meza zivikwe vitambaa. Idara ya Akina Mama imeanza kutarizi vitambaa kwa picha za kijana yule yule. Picha huhamishwa kwa karatasi ya kaboni hata kitambaani, kisha hufuatwa kwa sindano na nyuzi za rangi. Kazi ya seti moja ni siku nyingi. Kwa hiyo akina mama, wenye busara kuliko sisi, hawashoni kitu cha kuweka sandukuni. Mnunuzi huchagua picha katika vipande vya mfano, hutoa arubuni ya nusu ya bei, ndipo sindano ihamapo kwenye kitambaa chake. Arubuni hununua kitambaa na nyuzi. Hata mnunuzi akitoweka, mshonaji hapotezi fedha zake, ila kazi tu. Twaiona njia hii kuwa bora kwa asiye na mtaji.

Juu ya masinia, tunao mfano wa jirani zetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Hakungoja rangi za wachoraji wa Ulaya. Alitumia mbao nyepesi za kujengea dari na rangi ya kupakia baiskeli, akauza Oyster Bay, mahali ambapo wenye fedha walipita. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi, na leo michoro ya namna hiyo hupakwa hata katika masinia na sahani. Twajifunza kwake mambo mawili: kuanza na kitu kilicho karibu, na kupeleka picha pale apitapo mwenye kuitaka. Masinia ya kwanza ya kijana wetu ni sita tu. Yakiisha, tutawaambia.

MASHAURI MACHACHE

Kwa mwanachama atakaye kuanza peke yake, twatoa mashauri haya.

Usianze na picha. Anza na siku ya mnunuzi. Jiulize ni siku gani atakihitaji kitu hiki: arusi, ubatizo, Idi, Krismasi, kufunguliwa kwa shule, au siku ya kuandika deni. Kitu cha sikukuu kiwe tayari majuma sita kabla ya sikukuu, la sivyo kiache mpaka mwaka ujao. Na ukiweza, chagua kitu kisicho na tarehe. Daftari lisipouzwa mwezi huu, litauzwa mwezi ujao.

Mara ya kwanza piga kidogo, hata kama bei ya kila kimoja itakuumiza. Siku hizi ziko mashine ndogo zisizohitaji mabamba, nazo hupiga kadi 20 au 40 bila taabu. Karatasi moja ya A3 hutoa kadi nne za kukunjwa za kipimo cha A6, na bahasha yake ni ile iitwayo C6. Nunua bahasha kwanza, kisha kata kadi iingie ndani yake. Tumeona mtu aliyekata kadi kwanza, akakosa bahasha mji mzima.

Weka madaftari mawili, moja la fedha na moja la vitu. Sisi makarani tuliandika kila shilingi iliyoingia, lakini hatukuandika kila Jumamosi ni kalenda ngapi zimesalia. Kama tungaliandika, tungaliijua hatari yetu kabla ya mwisho wa Januari. Vitu vilivyo sandukuni si fedha, na asivihesabu mtu kama fedha mpaka vimeuzwa.

Tenga fedha za biashara na za nyumbani. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, ni rahisi sana malipo ya mnunuzi kuingia katika simu ya mwenye duka na kutoka jioni ile ile kwa unga na mafuta ya taa, bila mtu kujua mtaji umekwenda wapi. Biashara iwe na namba yake.

Na mwisho, fuata sheria. Jina la biashara huandikishwa serikalini kwa njia ya eCitizen, na kibali cha kuuza hutolewa na serikali ya kaunti. Mwenye karatasi zake hauzi huku akichungulia njia.

MANENO YA MWISHO

Bwana Mwenyekiti, twajua ya kwamba katika Mkutano huu mtaulizwa kama Halmashauri ya Biashara iendelee au ivunjwe. Ni haki yenu kuamua, nasi tutalipokea neno lenu. Tukiruhusiwa kuendelea, hatuombi mkopo. Twaomba kinyume chake: Mkutano huu uandike katika Kanuni ya kwamba Mfuko wa Maafa usikopeshwe kwa biashara yoyote, hata iwe na faida namna gani katika karatasi, na hata waombaji wawe watu waaminifu namna gani. Sisi tulikuwa waaminifu, na bado gari lilichelewa siku moja.

Badala yake, wapendao wanunue hisa za Sh. 200 katika mfuko mwingine wa biashara, fedha ambazo mtu yuko tayari kuzikosa. Sisi wanne tumekwisha kutoa zetu.

Juma lililopita tulimpelekea yule mama mfiwa daftari moja. Tulimwambia ya kwamba kalenda zote sasa zimeuzika, na Mfuko umejaa. Aliligeuza, akayasoma maneno yaliyo chini ya picha, kisha akatuuliza bei, akafungua kitambaa chake akalipa Sh. 60. Tulikataa kuzipokea, naye akakataa kuzirudisha. Alisema, "Mkinipa bure, mtaanza tena." Basi tulizipokea, tukampa stakabadhi.